NANI KASEMA GURU ALIKUWA ABIRIA?

Kuna kauli imezoeleka maskani, na wanaoisema huisema wamekunja mikono kama mahakimu: "Gang Starr ni Premier bwana. Yule Guru alikuwa abiria tu." Nimeisikia kwa washkaji wanaopika midundo kwenye kompyuta. Nimeisikia kwa wale wanaojiita wachambuzi. Juzi juzi nimeisikia kwa kijana mmoja ambaye nilipombana alishindwa kunitajia hata albamu moja ya kundi hilo aliyoisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mimi nasema, tena mchana kweupe, kauli hiyo ni uvivu wa masikio. Nitaivunja hapa kipande baada ya kipande, maana haiwahusu wanamuziki peke yao. Inatuhusu sisi tunaoshika kalamu, na pengine sisi zaidi kuliko wao.

Tuanze na historia, kwa sababu mabishano mengi ya maskani hufia hapo: watu wanabishana juu ya mtu wasiyemjua.

Guru jina lake la kuzaliwa ni Keith Elam. Alizaliwa mwaka 1961 Roxbury, mtaa wa watu weusi katika jiji la Boston, Marekani. Baba yake alikuwa hakimu. Mwenyewe alisoma chuo cha Morehouse kule Atlanta, akahitimu mwaka 1983. Ona basi: mtoto wa hakimu, ana digrii mkononi, kila mlango wa ofisi unamngoja. Akaiacha tai ikining'inia, akaenda New York kuhangaika na kipaza sauti. Na jina hilo Gang Starr mnalomkabidhi Premier lilikuwepo tangu Boston, Guru akiwa na wenzake wengine, kabla Premier hajatia mguu.

Premier naye ni Christopher Martin, kijana wa Houston, Texas, aliyezaliwa mwaka 1966. Alijiunga na Guru mwishoni mwa miaka ya themanini. Kwa hiyo hata mmoja wao hakuzaliwa New York, na leo ukitaka kumwonyesha mtu mlio wa New York wa miaka ya tisini unampigia Gang Starr. Wageni wawili walikuja mjini wakawafundisha wenyeji sauti ya mji wao. Hilo nalo si dogo.

Kazi zao zipo, anayetaka kuhesabu na ahesabu. No More Mr. Nice Guy ya 1989. Step in the Arena ya 1991. Daily Operation ya 1992. Hard to Earn ya 1994. Moment of Truth ya 1998, hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwao kupata hadhi ya dhahabu, yaani nakala 500,000 nchini Marekani. The Ownerz ya 2003. Halafu One of the Best Yet ya 2019, ambayo nitaizungumzia mbele, maana humo ndimo ulimo ushahidi wangu mkubwa. Tazama tarehe hizo vizuri. Kutoka albamu ya kwanza hadi dhahabu ni miaka tisa. Hawakulipuka siku moja na kuzimika. Walijenga tofali juu ya tofali.

Sasa nitoe haki ya Premier. Mimi simpingi Premier. Anayempinga Premier akapimwe masikio.

Kwa ambao hawajui kazi yake ilivyo, nieleze. Premier anachukua santuri ya zamani, ya jazi au ya soul, labda sahani ambayo mwenyewe duka alikuwa anaona aibu kuiuza. Haichukui nzima nzima kama mtu anayeanua shati la jirani kwenye kamba. Anachukua mguno wa piano, pumzi ya tarumbeta, nusu sekunde ya besi. Vipande hivyo anaviingiza kwenye mashine, kwa miaka mingi ilikuwa Akai MPC60, kila kipande na kitufe chake. Kisha anavipanga upya kwa vidole: cha mwisho kinakuja mwanzo, cha katikati kinakatwa mkia. Chini yake anaweka ngoma nzito yenye vumbi, inayogonga kama mtu anayebisha mlango akijua umo ndani. Mkishapata wimbo wa Mass Appeal wa 1994 sikilizeni kile kipande kifupi kinachojirudia. Kimetoka kwa mpiga gitaa wa jazi Vic Juris. Ni noti chache tu, zinazunguka na kuzunguka, na hamchoki.

Halafu kuna kiitikio. Wengine wanamwita mwimbaji aje alambe asali. Premier anakwenda kwenye santuri za wana rap wenzake, anakata neno hapa, kauli pale, anazikwaruza kwa mkono hadi maneno ya watu watatu wasiowahi kukutana yanakuwa sentensi moja. Jamani, huo ni uandishi! Huyo ni mtu amesoma maktaba nzima akakariri ukurasa na mstari. Wenzangu mnaotaka kuandika riwaya na hamjasoma riwaya kumi za waliotutangulia, hapo mjifunze.

Basi Premier ni fundi. Tumekubaliana. Swali linabaki: fundi huyo alikuwa anamjengea nani?

Lugha yetu wenyewe imetuponza kidogo katika jambo hili. Rap ilipoingia Tanzania, wakubwa zetu waliipa jina: muziki wa kufokafoka. Waliona vijana wanarusha mikono, mishipa ya shingo imesimama, wakasema hawa wanafoka. Jina likashika. Nalo likatuachia kipimo kibovu vichwani, kwamba anayefoka zaidi ndiye mkali zaidi. Ukipima kwa kipimo hicho, Guru amefeli mtihani, maana Guru hafoki. Sauti yake ni tambarare, nzito kidogo, ina mkwaruzo kwa mbali kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Mstari wa kwanza na wa mwisho anausema kwa kimo kilekile. Wanaomdharau wanasema hana kupanda wala kushuka. Kweli, hana. Nami nauliza, apande aende wapi?

Rudini kwenye midundo ya Premier mnayoisifu. Imejaa vipande vilivyokatwakatwa. Kila baada ya mistari kadhaa kuna mkwaruzo, kuna sauti ya mtu mwingine inachomoza na kupotea. Juu ya vurugu hiyo muweke mtu anayefoka, anayepiga makelele, anayebadili sauti kila dakika. Mtapata soko la samaki. Katika ngoma zetu kuna chapuo na kuna vumi. Chapuo ndilo linalochachafya, na watu wanalishangilia. Vumi linarudia lilelile, mtu haligeukii hata kulitazama. Linyamaze basi uone wachezaji wanavyopotezana miguu. Guru ni vumi. Premier aliweza kuchachafya vile kwa sababu alijua kuna kitu katikati hakitayumba.

Na Guru alilijua hilo vizuri kuliko mahakimu wa maskani. Katika Hard to Earn kuna wimbo mzima alioupa jina Mostly tha Voice. Hoja yake humo ni kwamba vina wanavyo wengi, ila kinachomfanya mtu asikilizwe ni sauti. Alisema mwaka 1994, mbele ya kila mtu. Mtu anayeijua silaha yake kiasi cha kuitungia wimbo anaitwaje abiria?

Hoja ya pili. Premier mwenyewe ameshaeleza katika mahojiano kwamba Guru alikuwa na kawaida ya kumpa orodha ya majina ya nyimbo, na yeye akatengeneza midundo kwa kufuata majina yale. Someni tena hapo. Jina linakuja kwanza, mdundo baadaye. Yaani huyo mnayemwita abiria ndiye aliyekuwa akimwambia dereva gari linakwenda wapi.

Na safari zenyewe zilikuwa za maana. Just to Get a Rep ya 1991 ni hadithi ya kijana anayepora watu ili apate jina mtaani, na mwisho ubaya unamrudia aliyeutenda. Nani kati yetu hamjui kijana huyo? Soliloquy of Chaos ya 1992 inasimulia usiku wa onyesho ulioharibiwa na fujo za watu waliokuja kwenye muziki na silaha. The Planet ya 1994 ni habari ya yeye mwenyewe kuondoka Boston kwenda Brooklyn kutafuta maisha. Mtoto wa Songea au Shinyanga aliyeteremka stendi ya Ubungo na begi moja haitaji mkalimani kuielewa. JFK 2 LAX ya 1998 inaeleza alivyokamatwa uwanja wa ndege akiwa na bastola na misukosuko iliyofuata. Katika zote hizo sauti ni ileile. Risasi inalia, sauti haipandi. Anatuhumiwa yeye mwenyewe, sauti haipandi. Na kwa sababu haipandi, wewe msikilizaji ndiye moyo unaokupanda. Amekuachia kazi ya kuogopa uifanye mwenyewe.

Hapa mtu wa maskani atachomoa kadi yake. Atasema: "Je, DWYCK?" Huo ni wimbo wa 1992 walioufanya na Nice & Smooth, na humo Guru anataja limonadi, kwamba inapendwa, basi. Miaka zaidi ya thelathini watu wanaucheka mstari huo. Eti ni mstari wa mtu aliyekosa la kusema. Haya, nitajieni mistari mitatu ya watu waliokuwa wanafoka mwaka ule wa 1992. Hamuikumbuki! Wa limonadi mnaukumbuka, mnausema kwa kicheko, na kila unapopigwa kwenye sherehe watu wanausubiri wautamke pamoja. Alichukua jambo la kawaida kuliko yote, akalisema kwa uso mkavu kama anasoma hukumu ya baba yake mahakamani. Utani wote uko kwenye ule uso mkavu. Angelisema kwa mbwembwe lingekufa jioni ileile.

Watasema tena: "Lakini Premier alifanya makubwa na wengine." Alifanya, nani anabisha? Nas katika Illmatic ya 1994, Notorious B.I.G. katika Ready to Die mwaka huohuo, Jay-Z mwaka 1996, Jeru the Damaja, Group Home, KRS-One. Kati ya hao wapo waliomzidi Guru kwa ufundi wa kupanga vina, nalisema bila kigugumizi. Lakini Nas alichukua nyimbo chache akaondoka. Biggie alichukua mmoja katika albamu ile. Kuwa mgeni mzuri wa siku moja ni rahisi, unapikiwa kuku. Guru alikaa nyumba ile kutoka 1989 hadi 2003, albamu sita, na nyumba haikuchakaa. Uvumilivu wa sauti ni kipaji kama vipaji vingine, isipokuwa hauonekani kwa anayesikiliza wimbo mmoja na kukimbia.

Na alipotoka nje ya nyumba? Mwaka 1993 alitoa Jazzmatazz juzuu ya kwanza, Premier hayumo kwenye usukani. Akawaita wazee wa jazi wenyewe: Donald Byrd na tarumbeta yake, Roy Ayers, Lonnie Liston Smith, Branford Marsalis. Kutoka Ufaransa akamwita MC Solaar. Wazee waliokuwa wakisikia vipande vyao vikikatwa kwenye mashine sasa wakaingia studio kupiga na kijana ana kwa ana. Nani alifungua mlango huo? Abiria?

Sisemi kila alichogusa kilikuwa dhahabu. Albamu ya kwanza ya 1989 ina sehemu zinazoonyesha kabisa kwamba ni watu bado wanatafutana. Na kazi alizofanya Guru miaka yake ya mwisho, akiwa mbali na Premier, hazifikii hata kiunoni mwa zile za kwanza. Hilo halivunji hoja yangu. Vumi peke yake haliwi ngoma. Ninachokataa ni mtu kuona chapuo tu akadhani amesikia ngoma.

Sasa nifike kwenye ushahidi mkubwa nilioahidi.

Baada ya The Ownerz ya 2003 wawili hawa hawakutoa tena albamu pamoja Guru akiwa hai. Waliachana, na hawakupatana. Februari 2010 moyo wa Guru ulisimama, akalazwa hajitambui. Tarehe 19 Aprili 2010 akafariki kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 48. Ikatolewa barua iliyosemekana ni yake, ikisema hataki yule DJ wake wa zamani ahusike kwa lolote na jina lake. Ndugu zake wakaitilia shaka barua ile hadharani. Ikafuata miaka ya kesi na mabishano juu ya mali na kazi za marehemu. Ni habari chungu, na kila msanii kijana aijue: ukifa hujaweka mambo yako kwenye karatasi, watu watagombania hata sauti yako.

Premier wakati huo angeweza kufanya lolote. Jina analo, na nusu ya wana rap wa dunia wangepanda ndege usiku huohuo akiwapigia simu. Kama Gang Starr ingekuwa Premier peke yake, angeweka mtu mwingine kwenye kipaza sauti na biashara ingeendelea. Hakufanya hivyo. Alitafuta rekodi ambazo Guru alikuwa ameziacha bila kukamilika, akatoa fedha zake akazinunua, akakaa studio na sauti ya marehemu masikioni, mstari kwa mstari, akaijengea midundo mipya. Tarehe 1 Novemba 2019 ikatoka One of the Best Yet. Wageni walikuwa wengi na wazito, J. Cole na Q-Tip wamo. Lakini wote ni wageni. Mwenye nyumba ni ileile sauti tambarare, miaka tisa baada ya kuzikwa, haijapanda wala kushuka.

Fundi mwenyewe alilipa ili aipate sauti ile. Nyie mnaotuambia haikuwa na thamani mnajua nini ambacho Premier hajui?

Nilisema mwanzo kwamba jambo hili linatuhusu waandishi. Mwaka juzi nilipeleka mswada wangu kwa mhariri mmoja, jina nalihifadhi. Ulirudi na maneno mawili matatu: msimulizi amepoa mno, ongeza moto. Sikuuchoma mswada wala sikuongeza moto. Nilikaa nikasoma hadithi tunazozituma sisi vijana kwenye kurasa kama hizi, nikauona huo moto unaotakiwa. Alama za mshangao tatu tatu kama miti ya uzio. Machozi yanabubujika kama mvua za masika kila ukurasa wa pili. Mtu akipenda anazimia, akiachwa anazimia, akiona pikipiki inakuja anazimia. Tunafoka kwenye karatasi! Tumechukua kipimo kilekile kibovu cha maskani tukakiingiza kwenye fasihi.

Mjane amerudi kutoka makaburini. Wewe unaandika: "Oooh! Moyo wake ulipasuka vipande elfu moja!!!" Msomaji anafungua ukurasa mwingine, maana umeshalia kwa niaba yake. Mwingine anaandika kwamba mama yule aliingia jikoni, akatoa sahani mbili, akaitazama ya pili, akairudisha kabatini. Basi. Hajapandisha sauti. Nenda kamuulize msomaji ni ipi aliyolala nayo.

Najua kuna watakaonielewa vibaya, wadhani nawaita watu waandike kwa ubaridi, maneno yasiyo na damu. Hapana. Sauti tambarare isiyo na habari ndani yake ni usingizi tu, na wapo wengi wanaotulaza. Guru aliweza kutulia kwa sababu alikuwa na kitu cha kusema, na alikuwa amekipangilia kabla ya kufungua mdomo, kuanzia jina la wimbo. Ukiwa na habari nzito huna haja ya kupiga meza. Bibi anayesimulia hadithi ya zimwi usiku hapigi makelele, anashusha sauti, na watoto wanasogeleana wenyewe. Ufundi huo tumezaliwa nao. Hatukuuletewa kwa meli wala kwa kanda za rap. Tumeusahau tu kwa sababu tunataka kusikika haraka.

Mass Appeal, wimbo uliowafikisha kwa watu wengi, uliwakejeli wale wanaobadili sauti zao ili redio iwapende. Na redio ikaupiga. Mwandishi kijana na alitafakari hilo kabla hajaukatakata mswada wake ili umpendeze mtu aliyeusoma akiwa amesimama.

Mwenye hoja ya kunipinga, kurasa zipo na kalamu zipo. Ila namwomba kwanza asikilize Hard to Earn, wimbo hadi wimbo, bila kuruka. Kisha akae aandike. Na akiandika, asifoke.